Walioshika Dhamana ya Mto

 Mazungumzo yangu ya leo ni juu ya watu ambao majina yao hayatajwi sana redioni, ijapokuwa kazi yao huingia katika kila chungu kinachotelekwa na kila kata ya maji inayonywewa: nao ni viongozi wa jumuiya za watumia maji, yaani wale wenyeviti, makatibu, waweka hazina na wagawa maji walioshika dhamana ya kuitunza mito yetu vijijini. Habari za mito yenyewe tumezisikia mara nyingi. Tumeambiwa tusikate miti, tusitupe taka, tusilime kingoni. Leo naomba tuuache mto kando kidogo, tuwatazame hao wanaousimamia. Ni akina nani? Mamlaka yao wameyapata wapi? Na sisi, tunaokunywa na kumwagilia, tunawiwa nini nao?

Ili maneno yangu yawe na mahali pa kusimama, nauchukua mto mmoja ambao wengi wetu tunaujua, nao ni Mto Pangani. Chimbuko lake liko katika Mlima Kilimanjaro na Mlima Meru. Maji ya milima hiyo hushuka kwa mito mingi midogo, mathalan Weruweru, Kikafu, Usa, Nduruma na Themi, ambayo hukusanyika katika Mto Kikuletwa. Na Kikuletwa hukutana na Ruvu katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Hapo hutoka mto mmoja, ukapita katika vinamasi vya Kirua, ukapita Korogwe, ukazungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya Maporomoko ya Pangani, hata ukaingia Bahari ya Hindi penye mji mkongwe wa Pangani.

Sasa hesabuni pamoja nami watu walio njiani. Yuko mkulima wa kahawa na migomba mlimani. Yuko mkulima wa mpunga na mboga bondeni. Yako mashamba makubwa ya miwa na ya maua. Yuko mfugaji anayenywesha. Yuko mvuvi wa Nyumba ya Mungu. Iko mitambo inayowasha taa za watu wasiopata kuuona mto huo maishani mwao. Na mwisho wa wote yuko mwenye kisima na minazi michache karibu na mlango wa mto, ambaye, maji matamu yanapopungua nguvu, huona maji ya bahari yakipanda kinyume na mkondo, na kisima chake kikianza kukolea chumvi. Huyu wa mwisho hajapata kumwona yule wa kwanza, wala wa kwanza hamjui wa mwisho. Lakini anachofanya yule kwa jembe lake asubuhi, huyu hukipata katika ndoo yake.

Kwa hiyo, wasikilizaji, nasema neno ambalo nitalirudia tena kabla saa yangu haijakwisha: kuutunza mto ni kuamua baina ya watu. Mto hauna ugomvi na mtu. Ugomvi ni wetu, baina ya jirani na jirani, baina ya mlima na bonde, baina ya mwenye shamba la ekari moja na mwenye ekari elfu. Anayekubali uongozi wa jumuiya ya mto amekubali kukaa katikati ya ugomvi huo, nao huendelea kila msimu wa kiangazi, pengine kila usiku.

Serikali yetu ililiona jambo hili zamani. Bonde la Pangani ndilo lililokuwa la kwanza kupewa bodi yake ya maji, mwaka 1991, na leo nchi nzima ya Tanzania Bara imegawanywa katika mabonde 9. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitangaza utaratibu wa kutanguliza: kwanza maji ya matumizi ya nyumbani, kisha maji ya kuuacha mto wenyewe uishi pamoja na viumbe wake, kisha ndipo mahitaji mengine yafuate. Ikaja Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, ikazipa jumuiya za watumia maji nafasi iliyo bayana katika kazi ya kugawa, kulinda na kusuluhisha. Haya yote ni mema. Walakini ofisi ya bonde iko Moshi mjini, na mabanio ya mifereji yametapakaa milimani na mabondeni kwa mamia. Afisa hata awe hodari namna gani hawezi kulala penye kila banio. Ndipo anapohitajika mtu wa pale pale, anayejua mfereji gani ni wa nani na nani amezoea kufungua maji kisirisiri.

Mtu huyo ni nani? Ni mkulima kama wenzake. Amechaguliwa katika mkutano, pengine chini ya mti, pengine katika darasa la shule siku ya Jumamosi. Mshahara hana, au anapata posho ndogo isiyolingana na viatu anavyochakaza. Elimu yake huenda ni ya shule ya msingi, lakini mto anaujua kuliko ramani yoyote.

Hebu nimlete mbele yenu mmoja wao, mgawa maji, kwa kuwa kwa rai yangu cheo chake ndicho kizito kupita vyote, ijapokuwa katika orodha ya viongozi jina lake huandikwa mwisho. Ni jioni ya kiangazi. Amevaa mabuti ya mpira, mkononi ana jembe na tochi, mfukoni ana daftari la zamu lililokunjamana kwa unyevu. Anafika penye banio, yaani kile kizuizi cha mawe, magogo na magunia ya mchanga kinachoyageuza maji kutoka mtoni hata yakaingia mferejini. Zamu ya mfereji wa juu imekwisha saa kumi na mbili. Anapoinama kulishusha lango, anasikia sauti nyuma yake. Ni mjomba wake, ndugu wa mama yake mzazi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Niachie hata nusu saa. Maharage yangu yako katika maua, na matuta mawili tu yamebaki."

Fikirini, wasikilizaji. Huyu ni mjomba aliyemlea. Maharage yako katika maua kweli, wala hasemi uongo. Nusu saa ni kitu gani? Lakini mgawa maji anajua jambo ambalo mjomba amelisahau kwa ajili ya dhiki yake. Maji yanapofunguliwa kwenda chini, hayafiki papo hapo. Kilomita kadhaa za mchanga mkavu wa mtoni hunywa kwanza, nazo hunywa sana, na maji ya saa za mwanzo aghalabu huishia humo. Anayechelewesha nusu saa juu humnyima wa chini zaidi ya nusu saa, kwa sababu kukikucha zamu yake imekwisha ilhali maji yalikuwa ndiyo kwanza yamemfikia. Na huko chini yupo mjane mwenye mchicha na watoto, atakayekesha na jembe lake akingoja sauti ya maji.

"Mjomba, zamu yako imekwisha," asema, akalishusha lango. Mjomba haondoki na hasira za wazi. Huondoka kimya, na kimya hicho mgawa maji atakikuta tena msibani, harusini, na siku atakapohitaji kuazima ng'ombe wa kulimia. Tena kazi haijakwisha. Itampasa arudi baada ya usiku wa manane kutazama kama magunia yako mahali pake, maana si mara moja wala mbili yameonekana yamesogezwa, na asubuhi kila mtu akaapa kwamba alikuwa amelala.

Hiyo ndiyo kazi ya kuutunza mto. Narudia: ni kuamua baina ya watu, na mara nyingi ni kuamua dhidi ya watu wako mwenyewe, kwa ajili ya mtu wa mbali ambaye hatakuja kukushukuru.

Msidhani kwamba utaratibu huu umeanza na sheria za juzi. Wachagga walichimba mifongo, yaani mifereji yao ya asili, katika kingo za milima yao tangu zama za mababu, wakiyaongoza maji kwa mteremko mdogo ambao jicho la mgeni huona kana kwamba maji yanapanda. Na kila mfongo ulikuwa na ukoo ulioutoa, na mzee aliyeita watu kuuzibua na kuutengeneza, na asiyekuja alitozwa. Nako Upareni, katika milima ya wilaya ya Same, wazee walijenga ndiva, nayo ni mabwawa madogo ya kuyaweka maji ya mfereji usiku kucha ili asubuhi yafunguliwe kwa nguvu na kufika mashambani. Na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu busara iliyo katika ndiva ni kubwa kuliko ukubwa wake.

Penye Mto Vudee, watu wa kijiji cha Vudee wako juu, na watu wa Bangalala wako chini. Wa juu wangeweza kuyachukua maji yote, kwani nani angewazuia? Walipatana tangu zamani kwamba wa juu wamwagilie mchana, na usiku wayaache maji yaende chini. Na kwa kuwa wa chini hawawezi kumwagilia gizani bila ya taabu kubwa, waliyapokea maji ya usiku katika ndiva zao, yakangoja jua. Tazameni jinsi mapatano na ujenzi yanavyosaidiana: bila ya mapatano ndiva ingekuwa tupu, na bila ya ndiva mapatano yangekuwa ya kuwafanya watu wa Bangalala wasilale. Patano hilo halikuletwa na mhandisi wala hakimu, bali na watu waliooana na kuzikana, walioona kwamba mtu wa juu leo ana binti aliyeolewa chini.

Nasemaje basi juu ya viongozi wa leo? Wazee wa zamani walikuwa na nguvu ya ukoo na hofu ya laana. Neno lao likitoka, lilitosha. Kiongozi wa jumuiya ya leo ana katiba iliyopigwa chapa, muhuri, na kura za watu ambao mwaka ujao waweza kumwondoa. Amepata uhalali wa sheria, lakini haiba ile ya mzee wa mfongo hakurithishwa. Inambidi aijenge mwenyewe kwa uadilifu wa kila siku. Mimi sioni kwamba hasara ni kubwa kuliko faida. Mzee wa ukoo aliweza kuupendelea ukoo wake na asiulizwe. Kiongozi wa kuchaguliwa anaweza kuulizwa, na kwa hakika yatupasa tumwulize.

Hapo ndipo anapoingia mweka hazina. Yeye hana tochi wala mabuti. Ana kisanduku chenye kufuli, kitabu cha stakabadhi chenye karatasi ya kaboni katikati, na daftari la mistari. Ada anazokusanya ni ndogo, lakini ndizo zinazonunua saruji ya kuziba nyufa za banio, magunia, nauli ya katibu kwenda Moshi kufuatilia kibali cha kutumia maji, na ada ya kibali chenyewe. Anapokuja mlangoni kwa mtu, huambiwa, "Maji ni ya Mungu, unanitoza nini?" Nani atabisha kwamba maji ni ya Mungu? Lakini saruji ni ya dukani. Na yule aliyekataa kulipa ndiye atakayekuwa wa kwanza kupiga kelele banio likibomoka kwa mafuriko ya masika. Nimepata kuona daftari moja la namna hiyo, limeandikwa kwa wino wa bluu kwa herufi zilizosimama sawasawa, kila fedha iliyoingia na kila iliyotoka, mpaka msumari. Nikajiambia kwamba jumuiya yenye daftari kama hili itaishi, hata mwenyekiti wake asipojua kuhutubia.

Mwenyekiti nampita upesi, kwa kuwa kazi yake mnaijua. Lakini wanawake siwezi kuwapita. Anayechota maji alfajiri ni nani? Anayejua kabla ya wengine kwamba chemchemi imepungua, kwa sababu kata yake imeanza kugusa mchanga, ni nani? Ni mwanamke. Na viti vya uongozi wa maji vimekaliwa na nani zaidi? Wanaume. Huambiwa kwamba kazi ya banio ni ya usiku, na usiku si wa wanawake. Basi zamu za wanawake mbona hupangwa usiku? Jumuiya inayomwachia mwanamke nafasi ya ukatibu wa kuandika maneno ya wanaume, isimpe nafasi ya kuipanga zamu, imejinyima elimu iliyo karibu nayo kuliko zote.

Sasa, wasikilizaji, nije kwenye jambo gumu. Mpaka hapa nimesema habari za mjomba na mpwa wake. Je, ikiwa anayechukua maji zaidi si mjomba, bali ni shamba kubwa lenye pampu, wakili, na kibali kilichotolewa miaka mingi iliyopita, mto ulipokuwa bado na maji tele? Kibali kimeandikwa lita, na mto hausomi kibali. Katika mwezi wa kiangazi kikali haki zilizo karatasini zaweza kuwa nyingi kuliko maji yaliyomo mtoni. Hapo kiongozi wa jumuiya huja kwa baiskeli mpaka penye geti, akakaa kivulini kungoja meneja. Ni rahisi kumfungia mfereji maskini mwenye robo ekari, na wako wanaoridhika kufanya hivyo, wakaandika katika taarifa kwamba mto umelindwa. Huo si ulinzi wa mto. Insafu inataka upungufu uanze kubebwa na mwenye kuchukua zaidi. Na hapa kiongozi wa kijiji peke yake hatoshi. Bodi ya bonde lazima isimame nyuma yake, afisa awe pamoja naye penye geti lile na kipimo mkononi. Yako mashamba makubwa yanayokubali kuketi pamoja na wanakijiji katika kamati ya mto na kuzifuata zamu kama watu wengine; hayo yastahili kusifiwa, na mengine yastahili kuulizwa kwa nini hayafanyi vivyo hivyo.

Liko pia suala la kingo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Meta 60 ni maneno mepesi kuyasoma hapa redioni. Kwa mwenye bustani ya nyanya iliyo meta 20 kutoka majini, ambayo ndiyo iliyomlipia mwanawe sare za shule, maneno hayo ni kama kuambiwa akunje mkeka wake katikati ya mlo. Viongozi wenye hekima niliowaona hawaanzi na faini. Huanza kwa kupima pamoja na mwenye bustani kwa kamba, wakaweka alama. Wakampa misimu ya kuhama kidogo kidogo. Wakamsaidia kupanda miti ya kivuli cha mto kama mkuyu, iliyoheshimiwa na wazee penye chemchemi, na kuing'oa mikaratusi, ambayo hunywa maji mengi mno isifae penye kingo. Faini huja mwisho, kwa aliyesikia na kukaidi.

Nisije nikaonekana nawasifu tu. Wako viongozi walioziua jumuiya zao. Wako waliokula ada. Wako waliokaa madarakani mpaka watu wakasahau walichaguliwa lini. Na kuna ugonjwa mwingine ambao nadhani umeua jumuiya nyingi zaidi: jumuiya iliyoundwa kwa haraka kwa sababu mradi umekuja na gari na posho za semina, ikapewa katiba kabla watu hawajaulizwa wanagombania nini. Mradi ukaisha, gari likaondoka, na ofisi ikafungwa na kufuli ambayo leo ina kutu. Zinazodumu ni zile zilizozaliwa na shida ya wenyewe, siku ambapo watu wa juu na wa chini walishika mapanga penye banio, wakatazamana, wakaona kheri waketi.

Basi ombi langu kwenu ni hili. Mkutano mkuu wa jumuiya yako ya maji ukitangazwa, nenda. Usipeleke salamu, nenda mwenyewe, na kama shambani mnashughulika wawili, mume na mke, nendeni wote wawili. Lipa ada yako na uchukue stakabadhi. Itake hesabu isomwe mbele ya watu, kwa adabu lakini bila ya kuona haya. Mgawa maji akilifunga lango mbele yako kwa kuwa zamu yako imekwisha, usimnunie. Na wewe mkazi wa mjini, unayefungua bomba na kuwasha taa kwa nguvu za mto huo huo, ukipata nafasi ya kusema mbele ya diwani au mbunge, waulize wagawa maji wanalipwa nini, na waulize ni nani anayewalinda wanapokwenda penye geti la mwenye pampu. Na ikiwa majirani zako watakutaja jina siku ya uchaguzi, wakakuona unafaa kwa kazi hii, usijifiche nyuma ya wengine.